Pampu ya Benzi ya Bwana Premji

Tangu nirudi nyumbani Bungoma mmeniuliza jambo lilelile, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimekuwa nikiwajibu kwa kukohoa. Juzi benzi ya mkubwa mmoja ilipita sokoni, nyote mkasimama kuitazama, mimi nikageuka nikatazama ukuta. Wekesa akasema Kampala imeniharibu. Haya, nimekaa chini kuandika ili nisiulizwe tena. Ni habari ya safari ya siku tisa kwenda kutafuta kipande cha chuma kinachobebeka kwa mkono mmoja, na nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ya safari yenyewe ilikuwa kungoja.

Kisenyi, kabla ya kuondoka

Gereji yetu ya Kisenyi ilikuwa nguzo nne, mabati, na shimo la kuingilia chini ya magari. Wenyewe tulikuwa wawili: mimi na Sulaimani, Mganda Mwislamu aliyezaliwa mitaa ileile. Mimi nilikuwa mikono, yeye alikuwa sikio. Gari likiletwa, Sulaimani huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akauweka kwenye sikio la kulia, akafumba macho. Kisha hutoa hukumu: "Belingi ya pili imechoka, ssebo," au, "Hii gali iko na homa tu, hapana ugonjwa." Miaka sita tuliyokaa pamoja sikumbuki akikosea.

Benzi mnazijua. Zamani za Waingereza lilikuwa gari la daktari na wakili. Ulipokuja uhuru zikawa za mawaziri, watu wakawaita wenye nazo wabenzi, nusu kwa kuwacheka na nusu kwa kuwaonea wivu. Kisha wanajeshi wakashika serikali, na Wahindi wakapewa siku tisini wafunge virago. Baada ya hapo ukiona benzi mjini, unatoka barabarani kabla hujaangalia nani yumo ndani.

Hii ninayoisimulia ilikuwa ya kijani kibichi, ya dizeli. Mwenyewe alikuwa Mhindi muuza vitambaa wa Old Kampala. Tulikuwa tukimwona Jumapili akiwatembeza mke na watoto polepole, kana kwamba amebeba mayai. Hakuwahi kutuletea. Alipoondoka, wiki haikuisha gari likawa la Meja mmoja ambaye jina lake sitaliandika hata leo. Meja alilipenda gari lile mno, ila alikuwa amesikia kwamba benzi haizeeki, akaamini hivyo moja kwa moja. Hakutia maji. Hakubadilisha oili. Alipangusa nyota ya kwenye boneti kwa leso yake mwenyewe, na matunzo yake yakaishia hapo.

Pampu ya maji ikafa. Mji mzima haukuwa na nyingine, maana waliokuwa wakiuza vipuri vile ndio waliofukuzwa. Tukafanya kama ilivyo desturi ya Kisenyi: tukachukua pampu ya lori, tukaipiga tupa siku mbili mpaka ikakaa. Ikaenda wiki tatu. Ya nne ikamzimia Meja kwenye barabara ya Entebbe, wageni wake wamo ndani na mvuke unatoka kama jikoni kwa shughuli. Adhuhuri ile ile wakaja askari. Walisema ni hujuma. Wakamchukua Sulaimani, wakachukua na kila chuma kilichofanana na pampu, hata ile ya asili tuliyoiweka kando kama sampuli.

Kesho yake nikaitwa kambini. Gari lilikuwa chini ya kivuli, Meja amesimama kando yake.

"Wewe Mkenya?"

"Ndiyo, Afande."

"Kenya iko na pampu ya hii gari?"

"Iko, Afande."

"Basi wewe nakwenda leta. Mimi napa wewe siku kumi. Siku ya kumi binti yangu naolewa, na hii gari natembea mbele. Kama hapana tembea, rafiki yako..."

Hakumaliza. Alitoa leso akapangusa nyota.

Sasa, mjue kwamba fundi wa Kisenyi haendi kununua kipuri kwa maneno. Anabeba kile kibovu mkononi, anakiweka mezani kwa muuzaji, anasema, "Nipe ndugu ya hii." Nikaomba sampuli. Meja akasema ushahidi hautoki kambini. Nikaomba nifungue boneti nichore umbo kwenye karatasi. Askari akaniambia hakuna mtu wa gereji atakayegusa boneti ile. Mwisho wakanisomea namba kutoka kwenye kadi ya gari, nikaiandika kwenye karatasi ya sigara. Nilijiona nimepata kitu. Wazungu si hununua kwa namba?

Kampala hadi Tororo

Hadija, mke wa Sulaimani, alikuja kunisindikiza stesheni na matooke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, bado ya moto. Hakulia. Alinishika mkono akasema, "Wafula, hapana rudi bila hiyo chuma," akaondoka bila kungoja gari moshi litoke. Lingemngojesha sana, maana lilichelewa kwa saa tano.

Daraja la tatu tulikaa magoti yakigusana. Mbele yangu alikuwa mwalimu mmoja wa Mbale, mtu mzima, koti limefifia viwikoni. Nilimgawia matooke, tukazoeana. Jinja askari waliingia wakapekua mizigo yote, hata mto wa kulalia wa mama mmoja wakaupasua. Walipotoka, mwalimu akaniinamia.

"Kijana, unakwenda Nairobi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umefanya vizuri. Ukishavuka, hapana tazama nyuma. Mimi iko na dada Pumwani, nitakuandikia nyumba yake."

Nikamshukuru, nikamwambia sitahitaji, narudi Kampala baada ya siku chache. Akacheka kwa kukonyeza jicho, kama mtu anayemsifu mwenzake kwa kujua kunyamaza. Nikasema kweli Mwalimu, narudi. Nina kazi ya Afande fulani.

Kicheko kikakatika. Nilimwona akifikiri: wakati kila mtu anakimbia, nani anarudi kwa hiari, tena kwa kazi ya Afande? Akafunga mfuko wake taratibu. Akasema joto limemzidi, akaenda kusimama mlangoni, na hakurudi tena kwenye kiti mpaka aliposhuka Tororo. Niliumia. Lakini ningekuwa yeye, ningehama vilevile.

Tororo tulisimama tangu asubuhi hadi jua likageukia magharibi. Hakuna aliyetuambia sababu, na hakuna aliyeuliza. Nilikula kabalagala, vile vitumbua vya ndizi mbivu na muhogo, nikabakiza nusu. Niliwaza Sulaimani anakula nini. Hapo ndipo nilipoanza kuchoka, na uchovu ule sijui kama umenitoka.

Nairobi

Jambo la kwanza nililofanya Nairobi ni kuagiza chai. Kampala sukari ilikuwa imeadimika, tulishazoea chai chungu. Nikaweka vijiko vitano. Mhudumu akanitazama, akasema bila kuuliza, "Wewe umetoka Uganda." Nikameza ile chai, ikawa tamu mno, nikashindwa kuimaliza. Jambo dogo, lakini liliniudhi siku nzima.

Siku tatu nilizunguka. Kwenye duka kubwa lenye vioo, kijana wa kaunta akasoma namba yangu, akasema kipuri hicho kitaagizwa Ujerumani, nirudi baada ya wiki sita. Nilimwambia nina siku tano. Akasema basi nitafute gari jingine. Hakuwa na ubaya, alidhani namtania.

Mwishowe nikafika Grogan, kwenye vibanda vya vipuri vilivyotumika, na huko nikamkuta Kamau. Ni mtu mnene, mpole, anayejua mahali pa kila nati katika lundo linalofika dari. Akaniuliza, "Sampuli iko wapi?"

"Sina. Nina namba."

Akakunja uso. "Namba ni ya karani, fundi. Lakini sawa." Akaingia uvunguni mwa lundo, akatoka na pampu safi kabisa. Niliigeuza mkononi, umbo likafanana na la ile ya asili kwa jinsi nilivyoikumbuka, nikaizungusha, ikazunguka kimya. Nikakaa juu ya tairi kwa furaha.

Kamau akauliza ni gari gani hasa. Nikamweleza: ya kijani, ya dizeli, ya Mhindi wa Old Kampala. Akapiga paja.

"Ya Premji! Huyo mzee yuko Nakuru, kwenye duka la binamu yake. Kila akija Nairobi ananipitia kuniuliza kama nimeona mtu wa Kampala, na kama gari lake liko salama. Mpitie umsalimu, atafurahi."

Nikasema nitampitia, huku moyoni nikiapa sitampitia. Ningemwambia nini? Kwamba gari lake lina Meja, na mimi ndiye fundi wa Meja?

Nakuru

Basi nililopanda kurudi likaamua vingine. Giaboksi ilikwama palepale Nakuru saa nne asubuhi, dereva akasema tutaondoka kesho. Mwanzoni nilikaa stendi juu ya mfuko wangu kwa hasira. Ikafika saa nane, njaa ikanizidi, jua likanizidi, nikajikuta nauliza duka la vitambaa la Wahindi liko wapi.

Bwana Premji alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Amevaa futi ya kupimia shingoni, anamkatia mteja kitambaa cha mapazia katika duka lisilo lake. Nikangoja mteja aondoke, nikamsalimu, nikasema nimetoka Kampala, Kisenyi. Aliweka mkasi chini.

"Gari yangu naona?"

"Nimeiona, Bwana Premji."

"Iko kijani bado? Hapana paka rangi ingine?"

"Bado kijani."

Akamwita mkewe kwa sauti, akanivuta nyuma ya duka. Mama Premji akaniletea chapati, dengu na achari ya maembe, akasimama kunitazama nikila. Kilikuwa chakula cha kwanza kilichokaa tumboni tangu nitoke. Na mzee akaanza. Kumbe aliinunua mwaka wa uhuru, baada ya miaka kumi na kadhaa ya kusambaza vitambaa kwa baiskeli hadi Kyebando. Wenzake walimshauri anunue la Kiingereza, akakataa. "Hii gari hapana danganya mtu. Kama iko na shida, nasema mapema. Veve nasikiza tu." Alikuwa akiiosha mwenyewe. Dereva hakumwajiri. Watoto walikuwa wakivua viatu kabla ya kupanda.

Nilikula kichwa kimeinama. Mwishowe nikashindwa, nikamwambia yote: Meja, pampu ya lori, Sulaimani, harusi, siku zilizobaki. Nikamaliza. Mama Premji alikuwa ameshika sahani yangu tupu.

"Lete hiyo pampu mimi naona," mzee akasema.

Nikaitoa mfukoni kwa fahari kidogo. Akaipokea, akaitazama kwa mbele, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye matundu ya boliti. Akanirudishia.

"Hii hapana ya gari yangu."

"Nimenunua kwa namba, Bwana. Namba ya kwenye kadi."

"Kadi ni ya zamani. Mwaka ile shemeji yangu naendesha mpaka Lugazi bila oili. Injini nakufa kabisa. Mimi natafuta injini ingine, ya benzi ya nyuma kidogo, natia. Gari natembea vizuri. Kadi hapana badilisha. Nani nabadilisha kadi?"

Niliona siku ya kumi, Meja na leso yake, mimi nimesimama mbele ya boneti na pampu isiyoingia. Nikafunika uso kwa mikono na kulia mbele ya watu nisiowajua. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Wakaanza kuzungumza Kigujarati. Mama alikuwa akisema kwa kasi, mzee akijibu neno mojamoja. Kisha mama akafungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akatoa kitu kilichofungwa katika kipande cha sari ya zambarau, akakiweka magotini mwa mumewe. Akanigeukia mimi.

"Siku ile tunatoka Kampala, mimi nasema chukua sufuria yangu ya shaba, ya mama yangu. Yeye nasema hapana nafasi. Anachukua hii! Njiani askari wanachukua bangili, wanachukua saa, wanachukua hata viatu ya mtoto. Hii wanatazama, wanatupa chini. Yeye anaokota."

Mzee akafungua sari. Ilikuwa pampu mpya, bado ina grisi ya kiwandani.

"Ile yangu ilianza lia kidogo," akasema. "Mimi naagiza hii kabla ya matata. Nasema, kama tunarudi, mimi natia mwenyewe."

Hakunipa mara moja. Alikaa nayo, kidole gumba kikisugua grisi. Nilimhurumia, na wakati uleule nilikuwa namwomba Mungu mzee aiachie ile pampu. Mwishowe akainyanyua kwa mikono miwili akaniwekea mikononi.

"Rafiki yako iko na watoto?"

"Watatu."

"Chukua. Mimi nataka kitu moja. Ukitia, andika barua kidogo. Sema injini nalia namna gani."

Ile pampu ya Kamau nilimwachia mzee, sikuwa na haja nayo tena. Mama Premji akaifunga katika sari ileile, akairudisha sandukuni, akafunga kifuniko.

Malaba, na kurudi

Nilivuka Malaba kwa miguu nikiwa na pampu, kilo nne za sukari, chumvi, na miche ya sabuni kwa ajili ya Hadija. Upande wa pili askari alimwaga vyote mezani.

"Hii nini?"

"Sukari, Afande."

"Hapana. Hii!" Alikuwa ameinyanyua pampu, anaitazama kama inayoweza kulipuka. "Hii bomu?"

"Pampu ya maji, Afande. Ya gari ya Meja." Nikataja jina.

Sijui kilichomwachisha ni jina au ni uzito wa chuma. Aliitupa chini kwenye vumbi, akasogeza sukari, chumvi na sabuni upande wake wa meza. Nikainama nikaiokota. Wakati ule ndipo nilipomwona Bwana Premji waziwazi, ameinama barabarani hivyohivyo, mkewe akimtazama.

Vizuizi vingine sitavihesabu. Lori nililopanda lilikuwa limebeba mahindi, nikalala juu ya magunia, pampu ndani ya shati, nikaingia Kampala siku ya tisa mchana nikinuka vumbi na dizeli.

Kambini

Nilikwenda moja kwa moja. Nikaifunga pampu mwenyewe, askari wawili wamenisimamia na bunduki. Boliti ziliingia zote, moja baada ya nyingine, bila kusukumwa. Nikatia maji na oili. Meja akaja, akapewa ufunguo, akaingia ndani mwenyewe. Gari likavuta pumzi, likawaka.

Meja akacheka kama mtoto. Akatikisa mkono, na baada ya muda wakamleta Sulaimani.

Alikuwa anatembea. Hilo lilinitosha kwa dakika ile. Shati halikuwa lake, na uso ulikuwa umevimba upande wa kulia, pamoja na sikio. Nilimwita jina, hakugeuka. Nikamwita tena, kwa karibu, akanitazama, akasema, "Banange, Wafula, umelegea kama mgonjwa."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nilikumbuka ahadi yangu, na mimi, kama nilivyosema, ni mikono tu. Nikamwambia kuna mzee Nakuru anataka kujua inaliaje. Ilinibidi niseme mara mbili. Akanyoosha mkono, nikampa bisibisi ndefu.

Aliinama, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akauweka kwenye sikio la kulia, akafumba macho kama kawaida yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Meja akapiga honi, yeye hakushtuka. Kisha akafumbua macho, akautazama mpini, akauhamishia sikio la kushoto.

"Iko sawa," akasema. "Andikia mzee, hapana homa hata kidogo."

Nikaandika hivyo.